Kumsimamisha Gharibu

Hema lilikuwa limechanika kwenye mshono wa juu, na Mwanaamina alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, akilishona kwa uzi wa nyavu. Sindano yake ilikuwa ile ya kushonea mikeka. Kila ilipotoboa turubai lililoungua kwa jua, tundu moja lilizaa mengine.

"Mama, acha. Linazidi."

"Nikiacha, atalishona nani? Mtendaji?"

Shufaa, bintiye, alikuwa amekwisha vaa sare ya shule. Alizishika kingo mbili za mpasuko zisiachane, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa mpira, kando ya barabara kuu ya kusini, ukishaipita Kibiti kidogo. Magoli yalikuwa bado yamesimama: moja lilianikiwa nguo, la pili lilifungiwa mbuzi. Walipoletwa pale waliambiwa watakaa kwa muda mfupi. Watu wa delta ya Rufiji wanaijua sura ya maneno hayo mawili, wamekutana nayo tangu enzi za baba zao. Masika yalikwisha, vuli ikaja ikapita, na sasa masika mengine yalikuwa yananukia angani. Hema la muda mfupi lilikuwa limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani.

"Majina ya viwanja yanasomwa lini?" Shufaa aliuliza.

"Wiki hii. Na wiki jana walisema wiki hii." Mwanaamina aliukata uzi kwa meno. "Wanipe tu. Hata kama ni mawe matupu, nitapanda mhogo kwenye mawe. Nataka pahala nikilala, asije mtu akanambia nyanyuka."

Hilo ndilo alilolitaka, na halikuwa na nyongeza. Hakudai mpunga wake. Hakudai kuombwa radhi. Alitaka kiwanja kimoja katika vile vilivyopimwa mlimani, na mawe ya mipaka yalikuwa tayari yamesimikwa, akiyaona kila alipokwenda kuokota kuni.

Mumewe, Gharibu, alichukuliwa na maji kule Nyakitope, kitongoji cha ndani kabisa ya delta, ambako watu hulima mpunga na msimu mzima huishi juu ya dungu, kibanda cha miti mirefu, wakilinda ndege na nguruwe. Mtu wa kule hana desturi ya kuyakimbia maji. Maji yakija hupanda dunguni akayangoja, kwa kuwa yakishuka huacha tope nene, na kwenye tope hilo hupandwa mlao, yaani mahindi na kunde za kumvusha mtu mwaka. Maji ya zamani yalipanda kwa vidole. Mtu alichomeka mti, akawa anayatazama taratibu huku anakula. Mwaka ule yalipanda kwa dhiraa. Wengine walisema ni bwawa, wengine wakasema mvua za bara, redioni wakasema tabianchi. Wote waliosema walikuwa wakavu.

Kulikuwa na boti ya tahadhari. Boti ya rangi ya chungwa, yenye kipaza sauti, iliyokabidhiwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya siku kama ile. Siku ile ilikuwa bandarini Nyamisati, imezama hadi kingoni kwa uzito wa boriti za mikoko. Kila mtu aliiona na hakuna aliyeiona. Nyakitope haikufika. Gharibu alikuwa dunguni amelala na homa, na Mwanaamina alikuwa chini akiufunga mtumbwi ili amteremshe. Mtumbwi ukamchukua yeye, dungu likamchukua mumewe. Shufaa alikuwa bwenini Kibiti, akifanya jaribio la hesabu.

Mwili haukupatikana. Ndipo ikaja kazi ya Baba Mkubwa Mwinyimvua, kaka yake Gharibu.

Katika ukoo wao, maiti aliyeonekana hulazwa. Aliyechukuliwa na maji hana pa kulazwa, basi husimamishwa. Siku ya hitima, ubani ukishafukizwa, mkubwa wa ukoo hueleza saa ya mwisho ya marehemu, na katika maelezo hayo ni lazima marehemu aitwe, ni lazima aitikie, na ni lazima awe wima kwa miguu yake. Hakuna aliyesimamishwa akiwa na homa. Hakuna aliyesimamishwa akiwa usingizini. Zamani aliyeita alikuwa mpiga baragumu, au jirani mwenye mtumbwi. Lakini siku ile kinywani mwa kila mtu kulikuwa na boti moja tu, na Mwinyimvua alipotafuta wa kumwita mdogo wake, akaikuta hiyo. Akaifikisha Nyakitope boti ambayo haikufika.

"Boti ikaja," alisema, macho ameyafumba. "Ikaita: Gharibu, toka! Gharibu akasimama. Akasema: Nimesikia. Wachukueni wanawake na watoto. Mimi maji haya nayajua, na mpunga huu ni wangu."

Watu wakalia, wakaitikia amina. Hakuna hata mmoja pale mkekani aliyeamini kwamba boti ilikuja, na hakuna aliyeuliza. Yalikuwa maneno ya kumsitiri marehemu, kama sanda. Nani huiuliza sanda imetoka duka gani?

*

Mradi wa kukusanya simulizi za mafuriko ulifika shuleni na viti vyake. Viti vya plastiki vya bluu, vikapangwa duara chini ya upenu wa maabara isiyokuwa na vifaa. Msichana wa mradi aliitwa Yasmini, wa Dar es Salaam, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize. Alikuwa mpole kweli, isije ikasemwa vingine.

"Maafa tumeyasoma sana kwa ramani na takwimu," alisema. "Sasa tunataka kuyasoma kwenu ninyi. Anayesimulia hupumua. Anayesikiliza hujifunza, ili mwakani asife mwingine."

Mwalimu Abdulhalim, wa jiografia, ambaye ndiye aliyepewa mradi kuusimamia, aliitikia kwa kichwa kila neno. Simu ya Yasmini ilikuwa mezani, kifudifudi, inarekodi.

Ashrafu ndiye aliyeanza, maana Ashrafu hakujua kunyamaza. "Mimi nilikaa juu ya bati na chatu. Wallahi vile. Yeye upande ule, mimi upande huu. Ananitazama, namtazama. Nikamwambia, mzee, hapa hakuna mwenye nyumba, sote wapangaji."

Darasa likacheka.

"Akaondoka?"

"Alikaa mpaka walipokuja kugawa unga. Akakosa, hana kitambulisho."

Hata Mwalimu alicheka, kisha akaukumbuka uso wake. Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisimulia mbuzi, mwingine mdogo wake. Zamu ikafika kwa Shufaa.

"Mimi sikuwepo, madam. Nilikuwa bwenini."

"Lakini nyumbani kwenu jambo hili linasimuliwa?"

"Linasimuliwa."

"Basi lisimulie linavyosimuliwa nyumbani. Na jaribu kusema 'mimi'. Ingia mle ndani, uwe na baba. Tumefanya hivi pengi, mzigo hutua."

"Ingia mzima mzima, Shufaa," Mwalimu Abdulhalim aliongeza. "Usituletee taarifa ya habari."

Shufaa akafumba macho kama alivyomwona Baba Mkubwa akifanya. Mwanzoni maneno yalikuwa ya Mwinyimvua. Halafu akasema "mimi", na akajikuta dunguni kweli. Aliikanyaga miti ya sakafu ikanesa chini ya nyayo zake. Alisikia harufu ya samaki wa kukaushwa na ya shati la baba yake. Boti ikaja, ya rangi ya chungwa, ikaita. Baba akasimama, mrefu kuliko alivyopata kuwa, akasema nimesikia. Akamshika Shufaa mkono, akamteremsha kwenye boti yeye mwenyewe, akarudi juu.

Alipofumbua macho, Ashrafu alikuwa anafuta pua kwa mkono wa shati. Yasmini aliinuka kitini. Alimkumbatia tu, na Shufaa, ambaye tangu msiba hakuwa ametoa chozi hata la kitunguu, alilia kwenye bega la mgeni mpaka akaona haya. Siku zile zote alikuwa na jiwe kifuani: kwamba baba yake anazama, yeye anatafuta thamani ya eksi. Sasa alikuwepo. Alimshika mkono.

Siku hiyo alirudi kambini akala ugali wa unga wa msaada wenye harufu ya gunia, akala akamaliza. Mama yake akamtazama.

"Leo mwenzangu umeokota nini njiani?"

"Sijaokota kitu, mama."

*

Fikirini, mtendaji wa kijiji, alikuja kusoma majina akiwa na kipaza sauti. Kilikuwa kile kile cha boti. Kwenye bano lake la chuma kulikuwa bado na mabaki ya rangi ya chungwa, na watu waliyaona, kama wanavyoona vitu vyote.

Alisoma polepole, mtu mwenye raha zake. Kila aliyeitwa alipiga kigelegele au aliishika mikono ya jirani yake, akaenda kupokea karatasi yake ya kiwanja. Watu wa kijiji cha Nyamwage walikuwamo, hata watu ambao mafuriko waliyaona kwenye televisheni walikuwamo. Akamaliza. Akakunja karatasi zake.

Mwanaamina alisogea mbele. Alikuwa amejitanda kanga ile nzuri.

"Hukuniita, Fikirini."

"Jina?"

"Unanijua."

"Jina, mama. Hapa ni kazi."

"Mwanaamina binti Talib. Mke wa Gharibu wa Nyakitope."

"Aaa. Nyakitope." Mtendaji alikishusha kipaza sauti kidogo, lakini si sana. "Mama, serikali haina ugomvi na wewe. Viwanja ni vichache, tumeanza na waliotii. Waliokaidi tahadhari watafikiriwa baadaye."

"Nani alikaidi?"

"Mumeo."

"Mume wangu alikuwa hawezi, ana homa. Boti yako haikuja."

Uwanja ukanyamaza. Mbuzi wa golini akalia, akajiona peke yake, akanyamaza naye.

"Haikuja," Fikirini alirudia, kama anayeonja chumvi. "Tusibishane kitoto, mama yangu. Juzi tuliitwa semina wilayani. Watu wa mradi, wasomi, wakatuonesha walichojifunza: kwamba wananchi wanatangaziwa, wanakaa. Wala sikusema mimi. Sikilizeni wenyewe."

Akatoa simu, akaiweka kwenye mdomo wa kipaza sauti.

*Mimi nilikuwa dunguni na baba,* ikasema sauti, kubwa, ikafika hadi barabarani. *Boti ikaja. Ikaita: Gharibu, toka! Baba akasimama, akasema: Nimesikia...*

Shufaa alikuwa nyuma, kwenye foleni ya maji, na dumu mkononi. Dumu likamponyoka. Maji yakatambaa kwenye mchanga hadi kwenye viatu vya watu, na hakuna aliyehamisha mguu.

"Sauti ya nani hiyo?" Fikirini aliuliza.

Mwanaamina aliivuta kanga yake begani.

"Mama, nauliza kwa heshima. Anayesema hapo ni nani?"

"Mwanangu."

"Mwanao mwongo?"

Mwanaamina alifungua kinywa. Akageuka, akamtafuta Shufaa kwa macho katikati ya watu, akampata. Akafunga kinywa.

Mwinyimvua alijiinua kwa fimbo yake. "Fikirini. Maneno hayo yangu, si ya mtoto. Nilikuwa namsimamisha mdogo wangu. Babu yako mwenyewe tulimsimamisha, maji ya sabini na nne, baba yangu ndiye aliyesema na mimi nipo. Akaitwa kwa baragumu, na baragumu lenyewe halikuwepo, lilikwisha liwa na mchwa. Umekua unaambiwa hivyo. Unajua."

"Babu yangu alisimamishwa, Mungu amrehemu. Lakini hapa mimi mtendaji, mzee, si mjukuu."

"Na boti ilikuwa Nyamisati, imejaa boriti."

"Nani aliiona?"

Mtendaji akauelekeza mdomo wa kipaza sauti kwa watu. "Aliyeiona boti Nyamisati siku hiyo anyooshe mkono. Mkono mmoja tu unanitosha."

Watu walikuwa na karatasi za viwanja mikononi, mpya, hazijapata hata kunjo. Wakazitazama. Wengine wakatazama miguu yao. Badru, aliyekuwa jirani wa Gharibu, na siku ile alikuwa Nyamisati akiuza kamba wabichi, alianza kukohoa, akakohoa sana, mkewe akampiga mgongoni.

Mwinyimvua ndiye aliyenyoosha.

"Ulikuwa Nyamisati, mzee?"

"Nilikuwa Umwe, shamba."

"Basi."

Mwinyimvua hakuushusha mkono. "Mwaka wa sitini na tisa walitupakia malori, mimi mtoto, wakatuambia tutoke bondeni, mto ni adui. Tukatoka, huko juu tukafa njaa, tukarudi kwa adui akatulisha. Leo mnatwambia adui ni maiti wetu."

"Historia hiyo nzuri sana, mzee," Fikirini alisema. "Uwape na wewe watu wa mradi. Wanapenda." Baadhi ya watu wakacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshika karatasi.

*

Mama hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye mlango wa hema akichambua mchele usiokuwa na mchanga, akausukuma huku na huku kwenye ungo.

"Uliniweka na mimi mle?" aliuliza baadaye. "Kwenye hiyo boti?"

"Nilijiweka mimi tu, mama."

"Mmh." Akapepeta. "Alikushika mkono?"

"Alinishika."

Mwanaamina aliweka ungo chini, akaingia ndani.

Kesho yake Shufaa alimkuta Mwalimu Abdulhalim ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kusimulia upya."

"Marahaba. Usimulie upya nini?"

"Kwamba sikuwepo. Na boti haikuja."

Mwalimu aliinuka akafunga mlango. "Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Unajua simulizi lako limefika wapi? Linasomwa hadi nje ya nchi. Ukisema leo hukuwepo, shule imewadanganya watu. Bweni jipya la wasichana walilotuahidi linakwenda na maji. Na mwanafunzi aliyedanganya wageni, bodi ya shule itamfanyaje? Nakuuliza wewe."

"Lakini nilisema mbele yenu. Nikasema sikuwepo."

"Mimi sikukusikia."

"Mwalimu, tulikuwa duara moja, wewe upande huu, mimi ule."

"Shufaa." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Bila miwani alionekana mdogo, kama kaka ya mtu. "Mwanangu. Mimi nina watoto. Sikukusikia."

Lakini alimpigia Yasmini. Hilo alilifanya, akampa Shufaa simu, akasimama dirishani amempa mgongo.

"Shufaa mpenzi, pole sana," ilisema ile sauti ya chini. "Nakuelewa kabisa. Mara nyingi msimuliaji akibanwa na jamii yake hurudi nyuma, akakana. Tumeliona sehemu nyingi. Ni maumivu hayo."

"Sijabanwa, dada. Mama amenyimwa kiwanja kwa sababu ya sauti yangu."

Kule upande wa pili akasikika mtu akifunga mlango wa gari. "Hilo sikulijua. Wallahi sikulijua. Nitawauliza. Lakini sisi hatugawi viwanja, unaelewa? Sisi tulichukua mafunzo tu."

"Baba alikuwa na homa. Alikuwa amelala. Hakusikia kitu."

"Homa." Kalamu ilisikika. "Hilo ni muhimu sana. Nitaliweka kwenye tanbihi, chini ya ukurasa."

"Mtendaji anasoma chini ya ukurasa?"

Yasmini alianza kujibu. Alikuwa akijibu vizuri, kwa utaratibu, na ndani ya jibu lake mlikuwa na neno "mchakato". Shufaa alimrudishia mwalimu simu kabla halijaisha.

*

Siku ya kufunga mradi walikuja wageni, yakaja maturubai ya kivuli, ikaja biriani. Fikirini alikaa safu ya mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Nyuma ya jukwaa palitundikwa bango kubwa la plastiki. Mchoraji alikuwa ameichora delta kijani, mto wa bluu ambao hakuna Mrufiji aliyepata kuuona, na dungu, na juu ya dungu mwanaume mrefu amesimama, kiganja amekinyoosha mbele kuzuia. Chini yake boti ya rangi ya chungwa. Na maandishi: BABA ALISIKIA, HAKUTOKA. TUTII TAHADHARI.

Shufaa alikuwa amemwambia mwalimu hapandi jukwaani.

"Usipande," Mwalimu Abdulhalim alijibu, bila hasira. "Sauti yako tunayo."

Wakaiweka. Spika zilikuwa za kukodi, za harusini, na sauti yake ikatoka nzito, ya mtu mzima zaidi yake. *Mimi nilikuwa dunguni na baba.* Wageni wakainamisha vichwa. Mama mmoja mwenye mkufu akatoa leso.

Shufaa akasimama katikati ya wanafunzi. "Baba alikuwa na homa," alisema. Akasema tena, kwa nguvu. "Alikuwa na homa! Boti haikuja!"

*Boti ikaja,* zikasema spika. *Ikaita: Gharibu, toka!*

"Haikuja!"

Mgeni mmoja aligeuka nyuma, akaona msichana analia, akamwonea huruma, akageuka mbele kusikiliza. Ashrafu akamvuta sketi.

"Kaa, dada. Kaa bwana. Utashindana na nani? Yule pale ni wewe."

Akakaa. Spika zikamaliza. Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama, na Fikirini akasimama nao, akipiga polepole, macho kwenye bango.

Biriani ilipokwisha, Mwalimu Abdulhalim alimfuata Shufaa kwenye kona ya maabara, na bango limekunjwa chini ya kwapa. "Walitaka kulitupa," alisema, hamtazami. "Chukua. Plastiki nzito hii, haipitishi maji."

Alilitua bango miguuni pa Shufaa. Kisha akaenda kuhesabu viti.

*

Masika yalifika Ijumaa, mchana, baada ya sala. Upande wa mlima ulioonekana kutoka kambini, wenye karatasi walikuwa wamekwisha hamia. Nguzo zilikuwa zinasimama, bati moja moja linang'aa. Badru alikuwa amejenga. Alimletea Mwanaamina mafungu mawili ya kamba wabichi na hakuingia ndani.

Mshono wa hema ulikuwa umeachia wote. Mwanaamina alilitazama bango lililoegemezwa kwenye ndoo. Hajui kusoma herufi hizi. Asomazo ni za juzuu, za Kiarabu.

"Hilo limeandikwa nini?"

Shufaa alimsomea. Neno kwa neno.

"Na huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Hafanani naye." Akalikunjua, akalipima kwa mikono, urefu na upana. "Shika huko."

Wakalitandika juu ya mpasuko, maandishi juu, maana upande huo ndio uliokuwa laini na wa kuteleza maji. Wakalifunga kamba pembe zote. Mwalimu hakusema uongo, halikupitisha hata tone. Na kwa kuwa mwanga ulipenya, wakiwa ndani waliweza kuona picha yote kwa upande wa nyuma, herufi zimegeuka, na boti ya rangi ya chungwa iko juu kabisa ya mkeka wa Mwanaamina, mahali anapoweka kichwa.

Mvua ikazidi. Bango halikuwa na mteremko, na maji yakaanza kujikusanya katikati, yakafanya tumbo. Tumbo likashuka taratibu, kwanza kidole, kisha viwili, na boti ikashuka nalo.

Mwanaamina aliinuka, akachukua mti wa kusongea ugali, akausimika chini ya tumbo lile na kusukuma. Boti ikainuka. Ikaelea pale juu, ikayumba, maji yakamwagika nje kwa kishindo.

"Hiyo imekuja," alisema.

Akauteremsha mti. Maji yakaanza kujikusanya upya. Akangoja, mikono yote miwili imeushika mti, uso wake juu, rangi ya chungwa imemwangukia kwenye mashavu, na boti ikawa inashuka kwake.